Usiri na ridhaa kabla ya kuanza ushauri wa wanandoa

Mteja wako ni nani: mume, mke, au wote wawili? Amua kabla hawajaingia. Kwangu ni wote wawili, na fomu ya ridhaa wanayosaini inasema hivyo.

1. Onana na kila mmoja peke yake kwa dakika chache. Mwambie kwanza kwamba utamuuliza maswali mawili na majibu yake hayatoki hapo; mambo mengine asiyaseme kwa sasa. Kisha uliza: umekuja kwa hiari au umeletwa? Nyumbani unaogopa kupigwa? Saini inayotiwa huku mwenzake akimkodolea macho si ridhaa. Kukiwa na kipigo, usianze vikao vya pamoja: atakayoyasema mchana anaweza kuyalipia usiku.

2. Weka kanuni ya siri za upande mmoja. Wapo washauri wanaozitunza, mimi sishauri. Fomu yangu husema: “Ukiniambia jambo mwenzako akiwa hayupo, kwa simu au uso kwa uso, na likagusa kazi yetu ya pamoja, sitaahidi kulificha. Masuala ya usalama wako hayamo.” Utaikumbuka siku ujumbe wa WhatsApp utakapoingia usiku: “Nina mtoto wa nje, usimwambie.” Usikimbilie kumtangazia mke. Mkumbushe mume alichosaini, mpe muda, msaidie kupanga namna ya kulisema. Akigoma, sitisha vikao bila kutaja sababu. VVU ni habari nyingine: sheria ya Tanzania ya 2008 inamtaka anayejua ameambukizwa amjulishe mwenzi wake. Mwelekeze kituo cha upimaji asaidiwe.

3. Taja mipaka ya usiri kwa mdomo: uhai ukiwa hatarini, mtoto akidhuriwa, mahakama ikiamuru. Karatasi peke yake haitoshi, wengi husaini bila kusoma.

4. Eleza kwamba wewe si baraza la usuluhishi. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, shauri la talaka kwa kawaida hupitia huko kwanza, na kuna anayekuja kwako akiwinda barua ya kumshinda mwenzake. Andika wazi: kumbukumbu za vikao hazitolewi bila saini za wote wawili, isipokuwa mahakama ikiamuru.

5. Washenga, wakwe na mchungaji watapiga simu. Jibu ni moja: “Siwezi kusema kama nawafahamu au siwafahamu.” Uliza pia SMS za miadi ziende namba ipi, maana simu nyingine ni ya nyumba nzima.

6. Mmoja akiomba vikao vya peke yake baadaye, rudini kwenye fomu, wote wawili wasaini upya.