Kufungua mtaa mpya wa kanisa mabondeni Ukinga

Mtaa wa kanisa, yaani tawi dogo la usharika, katika mabonde ya Makete, nchi ya Wakinga mkoani Njombe, haufi kwa kukosa wahubiri. Unakufa kwa sababu wageni walikuja mara mbili, wakaimba, wakabatiza, kisha mvua zikaanza na hakuna aliyeonekana tena hadi Juni. Ndiyo maana wazee wa kanisa na wainjilisti wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) wanaotaka kufungua mtaa huku kwenye milima ya Livingstone wajiulize swali hili kabla ya mengine yote: Jumapili ya nne, wageni wakiwa wamesharudi kwao, nani atasimama kuongoza ibada? Kama jina hilo bado hamna, msipange mkutano. Mtafuteni kwanza mtu huyo.

Historia ya huku inashuhudia hivyo. Wamisionari wa Kijerumani wa shirika la Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakapanda hadi Ukinga na kujenga vituo kama Bulongwa. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa wote. Walimu na wazee wenyeji ndio walioendelea kufundisha, kuzika na kuombea wagonjwa, na kanisa likabaki.

Kabla ya safari

Mchungaji wa usharika aandike barua kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mtendaji, zipelekwe kwa mkono wiki mbili kabla. Zitaje siku, saa, idadi ya watu, mtalala kwa nani, na kama mtatumia spika. Kwa mkutano wa hadhara, polisi nao wapate taarifa ya maandishi mapema. Kisha nendeni mkawaone viongozi wa makanisa yaliyopo tayari bondeni. Mkiwapita kimyakimya mtagawanya ukoo mmoja kabla hamjahubiri neno lolote.

Safari ya kwanza iwe kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba. Juni na Julai njia ni kavu, lakini baridi inauma, na upande wa Kitulo sakitu (umande ulioganda) huanguka alfajiri. Kuanzia Novemba hadi Mei miteremko inateleza, na ndicho kipindi ulanzi, pombe ya mianzi, unapogemwa. Ibada za wakati huo ziwekwe asubuhi, maana mikutano ya jioni watu wengi huja wakiwa wamekwisha kunywa.

Nendeni watu watano: mwinjilisti, mzee wa kanisa, mama mmoja wa kikundi cha wanawake, kijana wa kubeba na kuimba, na mtu aliyezaliwa bonde hilohilo. Kwaya ya watu thelathini inapendeza masikioni, lakini inamaliza viazi vya wenyeji. Kwa siku nne bebeni unga kilo 10, maharage kilo 3, mafuta lita moja, sukari kilo moja, chumvi nusu kilo. Maharage yaloweke usiku kucha. Kwenye mita 2,400 maji huchemka kwenye nyuzijoto 92 hivi, hivyo maharage makavu yatakula kuni za mwenyeji wako tangu asubuhi hadi mchana na bado yawe magumu.

Mahali na saa

Mchana upepo wa bondeni hupanda mlima, usiku hushuka. Simama chini ya mteremko, watu wakae juu yako, spika ielekee juu, na sauti itabebwa na upepo. Wengi hufanya kinyume kwa sababu juu panaonekana kama jukwaa, kisha wanashangaa watu wa nyuma wakizungumza mambo yao. Ukungu mara nyingi huondoka karibu saa nne, kwa hiyo paneli ndogo ya sola ya wati 10 haitakupa zaidi ya saa moja au moja na nusu ya amplifaya ya wati 20 kwa siku. Panga mahubiri kulingana na chaji hiyo, au acha spika nyumbani. Kwa watu arobaini hauihitaji.

Lugha

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pote. Vijana wanajua Kiswahili vizuri. Bibi wa miaka sabini ataitikia "Amina" kwa heshima, na nusu ya maneno yamempita. Mkalimani wa Kikinga apewe mahubiri siku moja kabla, si palepale uwanjani. Mkae naye mpitie maneno magumu: neema, roho, toba, wokovu. Muulize kila neno atalisemaje, na likisemwa hivyo mama yake ataelewa nini. Kama neno alilochagua linamkumbusha mama yake kafara au mizimu, tafuteni njia ndefu ya kulieleza badala ya kulazimisha neno moja.

Wakati wa kuhubiri sema sentensi fupi na umalize wazo kabla ya kunyamaza. Ukikata katikati ("Mungu hakumtuma Mwanawe…") mkalimani atatafsiri kipande hichohicho, na waliosikia watabaki na habari kwamba Mungu hakumtuma. Baada ya ibada, waombe wazee wawili wasimulie walichosikia. Usiwasahihishe mbele ya watu. Andika walipopotea, na kesho yake uanzie hapo.

Wagonjwa

Ombeeni wagonjwa, lakini asiwepo hata mmoja wenu wa kumwambia mtu aache dawa. Mkoa wa Njombe una kiwango cha juu kabisa cha maambukizi ya VVU nchini, na katika kila mkutano wapo wanaomeza ARV kila siku. Neno moja la "umepona, tupa vidonge" linaweza kumuua mama na kuacha yatima. Mzee wa kanisa alitamke hili waziwazi kabla ya maombi kuanza.

Baada ya mkutano

Msiharakishe ubatizo. Watu wazima wafundishwe kwanza na huyo kiongozi mwenyeji, naye apande usharikani kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kupokea masomo manne ya kurudi nayo. Watoto wachanga wakibatizwa miezi ya baridi, maji yapashwe moto kidogo, mama ayaguse kwa kiwiko kabla mchungaji hajayatumia.

Sadaka nyingi zitakuwa mazao. Mnada ufanyike papo hapo baada ya ibada, viazi vilivyolowa viuzwe kwanza kwa kuwa huoza, na fedha zihesabiwe mezani na watu watatu kisha ziandikwe daftarini mbele ya wote. Fedha zikihesabiwa nyumbani kwa mtu, hata kama ni mwaminifu, mtaa utaanza kunong'ona.

Kiwanja cha kanisa kipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari usainiwe, na jina liwe la bodi ya wadhamini ya dayosisi, kamwe lisiwe la mtu aliyekitoa. Akifariki, warithi watadai. Mkijenga, chimbeni mfereji wa maji upande wa juu wa mteremko kabla ya kupandisha ukuta. Kuta nyingi za tofali huanguka Machi kwa sababu mfereji uliachwa hadi mwisho, na fedha zikaishia kwenye bati.