Kuandaa vitini vya kozi ambavyo mwanafunzi asiyeona atavisoma mwenyewe

Wahadhiri wanaoniomba ushauri huanza na vifaa: tununue mashine gani? Mimi huwarudisha kwenye vitini. Kitini kisiposomeka kwa kompyuta, mwanafunzi asiyeona humsubiri mwenzake apate nafasi ya kumsomea, na semina humkuta hajajiandaa. Hatua hizi ndizo nilizozifuata nikimsaidia mwenzangu anayefundisha historia.

Hatua ya 1. Weka NVDA kwenye kompyuta yako. Ni programu ya bure ya kusoma skrini kwa sauti. JAWS ni nzuri, ila inalipiwa, na kwa kazi hii sioni haja ya kuinunua.

Hatua ya 2. Fungua kila PDF, bonyeza Ctrl+F, kisha tafuta neno unaloliona pale ukurasani. Lisipopatikana, ujue hiyo ni picha tu ya maandishi.

Hatua ya 3. Geuza picha hiyo iwe maandishi. Saa nyingi huishia hapa. Mimi hupakia faili kwenye Google Drive na kulifungua kwa Google Docs. Lisizidi MB 2, kwa hiyo ligawe sura kwa sura. Kwanza hakikisha kurasa zimesimama wima. Kurasa mbili zilizoskaniwa pamoja zitenganishe, la sivyo mstari wa ukurasa wa 14 unaweza kuungana na wa ukurasa wa 15, na aya nzima ikapoteza maana. Makala zenye safu mbili zina hatari hiyohiyo. Majedwali huvurugika, yaandike upya. Tanbihi hujipenyeza katikati ya aya, zihamishie mwisho. Ikiwa kitini ni nakala ya nakala yenye madoa na kingo nyeusi, usihangaike kukisafisha: nenda maktaba, ukaskani kitabu chenyewe.

Bado hujamaliza. Funga macho, sikiliza maandishi yote kwa NVDA huku mtu akifuatilia kwenye karatasi, hasa miaka na majina. Mwaka 1905, ilipoanza vita ya Maji Maji, unaweza kutoka "l9O5", yaani herufi L, tisa, herufi O, tano. Jicho hupita bila kushtuka. Anayesikiliza hukwama papo hapo, na huo ndio mwaka utakaomuuliza kwenye mtihani.

Hatua ya 4. Pakua maandishi kutoka Google Docs yawe faili la Word, kisha vichwa vya habari viwekee mtindo wa Heading 1 na Heading 2. Kukoleza wino hakutoshi. Msomaji wa NVDA hubonyeza H kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Bila mitindo hiyo atasikiliza kurasa arobaini akitafuta sehemu moja.

Hatua ya 5. Chagua maandishi yote, weka lugha iwe Kiswahili. Sauti ya eSpeak NG iliyomo ndani ya NVDA inakijua Kiswahili. Usipoiongoza, inaweza kuyatamka maneno yetu Kiingereza.

Hatua ya 6. Eleza ramani kwa maneno. "Ramani ya Maji Maji" haimsaidii mtu. Andika kwamba inaonyesha vita ikianzia vilima vya Matumbi na kuenea hadi Songea.

Hatua ya 7. Mpe mwanafunzi faili kabla ya muhula kuanza, umuulize linasomekaje kwenye kompyuta yake. Karatasi ya mtihani nayo ipitishe hatua hizihizi.