Kuhamia Lewiston, Maine: mji, watu wake na nyumba zake

Lewiston uko katika jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, kilomita kama 56 kutoka Portland. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 37,121. Ukivuka mto Androscoggin kwa daraja la Longley unaingia Auburn, mji pacha wenye watu 24,000 na ushei. Kwa aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam hiki ni kimji tu, lakini kwa Maine ni mji wa pili kwa ukubwa, na Kiswahili utakisikia dukani, msikitini na uwanjani.

Anza na historia yake, maana ndiyo iliyozaa nyumba utakayopanga na jirani utakayemkuta ghorofa ya chini.

Lewiston ulijengwa na maji. Androscoggin hapa unaporomoka kwenye miamba, na katikati ya karne ya 19 matajiri wa Boston, Benjamin Bates akiwa mmoja wao, walichimbisha mifereji ya kupeleka nguvu ya maji kwenye viwanda vya pamba. Mifereji hiyo ipo hadi leo, na majengo marefu ya matofali mekundu bado yamesimama kando yake. Reli ilipofika mwaka 1874 ikiunganisha mji na Kanada, Wafaransa wa Quebec walishuka kwa maelfu kwenye stesheni ya Lincoln Street wakaja kufuma nguo. Walisongamana mtaa wa Petit Canada, na kwa sadaka zao wakajenga kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo, ambalo sasa ni basilika.

Nao hawakupokewa vizuri. Mwaka 1919 sheria ya Maine iliamuru shule za umma zifundishe kwa Kiingereza tu, na katika miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, waliandamana jimboni dhidi ya Wakatoliki hawa. Wazee wengi wa Lewiston wana majina ya Kifaransa na kumbukumbu za nyumbani za mtoto kukatazwa lugha ya mama yake. Mkongo au Mrundi anayejua Kifaransa asione haya kuwasalimia kwa lugha hiyo. Lafudhi yao ni ya Quebec ya zamani, kwa hiyo sema polepole. Kituo chao cha utamaduni, Franco Center, kimo ndani ya lililokuwa kanisa la St. Mary's, hapo hapo Petit Canada.

Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, vijana wakahama, vyumba vikabaki vitupu. Mwaka 2001 Wasomali walianza kuingia, wengi wakitokea miji mingine ya Marekani, maana Portland nyumba zilikuwa zimekwisha na Lewiston zilikuwapo kwa kodi nafuu. Mwaka 2002 meya aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwataka wawazuie ndugu zao wasizidi kuja. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kilikuja kufanya mkutano. Wao walikuwa makumi, na wenyeji waliojitokeza kuwapinga walikuwa maelfu. Ukikutana na mwenyeji anayejivunia siku ile, ana haki yake.

Waliofuata ni ndugu zetu wa damu hasa. Wabantu wa Somalia, wakiwemo Wazigua, ni wajukuu wa watu waliotekwa pwani ya Tanganyika na jirani zake katika karne ya 19 wakauzwa utumwani bonde la Juba. Vita vya 1991 viliwakimbiza hadi kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya, na huko wengi walijifunza Kiswahili. Mtu wa Handeni, kwao Wazigua huko Tanzania, akimsikiliza bibi wa Kizigua wa Lewiston, maneno mengi atayatambua. Mwaka 2015 timu ya soka ya Lewiston High School, yenye vijana kutoka Somalia, Kenya, Kongo na kwingineko, ilitwaa ubingwa wa jimbo, na wito wao wa kutiana moyo ulikuwa wa Kiswahili: pamoja ndugu.

Nyumba: hapa usifanye haraka

Wageni wengi huanzia mitaa ya katikati ya mji yenye majina ya miti: Birch, Pine, Walnut, Ash. Nyumba zake ni ghorofa tatu au nne za mbao, zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Hatari yake kubwa ni rangi yenye madini ya risasi, ambayo ilipigwa marufuku nchini kote mwaka 1978. Kama nyumba ilijengwa kabla ya hapo, sheria inamtaka mwenye nyumba, kabla hujasaini mkataba, akupe kijitabu cha maelezo na fomu inayosema anachojua kuhusu risasi. Asipokupa, idai.

Mahali pa kutazama ni dirisha. Madirisha ya zamani hufunguka kwa kupandishwa na kushushwa ndani ya njia ya mbao. Kila linapopanda, rangi inasagika na vumbi jeupe linatua kwenye kizingiti. Mtoto anasimama hapo kutazama theluji, anaweka viganja, kisha anavitia mdomoni. Vumbi la kiasi kidogo sana linatosha kumdhuru ubongo, na kwa nje haonekani mgonjwa. Ndiyo maana Maine inataka kila mtoto apimwe damu akiwa na mwaka 1 na tena akiwa na miaka 2. Usikubali kuambiwa kwamba mtoto wako mkubwa alipimwa, kwa hiyo inatosha.

Usifagie vumbi hilo kwa ufagio mkavu; utalirusha hewani. Futa kizingiti kwa karatasi iliyoloa maji na sabuni, itupe, chukua nyingine kwa dirisha linalofuata, kisha piga deki. Kitanda cha mtoto kikae mbali na dirisha. Usikwangue rangi wewe mwenyewe. Viatu vibaki mlangoni, desturi yetu ambayo hapa ni kinga ya kweli. Na wanja wa kuwapaka watoto machoni uache: aina nyingi zinazoletwa kutoka nje zina risasi.

Uliza pia joto linalipwa na nani. Likiwa ndani ya kodi, sheria ya Maine inataka mfumo uweze kufikisha nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani 20 za Selsiasi, hata nje kukiwa 20 chini ya sifuri za Fahrenheit. Likiwa juu yako, tafuta bei ya mafuta kabla ya kusaini, na uombe msaada wa mafuta mapema, kabla baridi haijaingia. Usiwahi kupasha nyumba kwa oveni ya gesi wala jiko la mkaa. Hewa yake inaua watu usingizini. Ukisafiri usizime joto kabisa, mabomba yataganda yapasuke na maji yaingie kwa jirani wa chini.

Hakikisha kuna njia mbili za kutokea na vitambua moshi vinavyolia. Mwaka 2013 moto mkubwa uliunguza majengo ya mitaa hii mara tatu katika siku chache tu, na watu wengi wakabaki bila makao. Bima ya mpangaji ni ndogo kwa mwezi, ikate. Bima ya mwenye nyumba hailipi godoro lako.

Kazi ziko hospitalini, kwenye nyumba za wazee na maghalani. Cheti cha msaidizi wa muuguzi kinahitaji mafunzo ya saa 180, na Kiingereza husomwa kwenye elimu ya watu wazima ya mji. Kabla hujakubali zamu ya usiku, panga usafiri wa kurudi, maana mabasi ya mji hayaendi usiku kucha.

Ardhi nayo ipo. Wabantu wa Somalia wana shamba lao la pamoja, Liberation Farms, ambako familia hulima mahindi na mboga. Msimu ni mfupi: panda mahindi mwishoni mwa Mei udongo ukishapata joto, uchague mbegu ya siku 80 hadi 90, kwa sababu jalidi, yaani umande ulioganda unaoua mimea, huweza kurudi Septemba.

Desemba jua huzama saa kumi na dakika chache jioni. Wakati huo wa baridi Tanzania na Kenya ziko mbele kwa saa 8. Burundi, Rwanda na Kongo mashariki kwa saa 7. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba punguza saa moja. Ukitoka zamu saa nne usiku Januari, Tanga ni saa kumi na mbili asubuhi na mama ameshaamka, mpigie hapo.