Somo: Kupata nafasi ya utafiti wa uuguzi likizo ndefu, ukiwa Mtwara au Lindi

Somo hili ni la mwanafunzi wa shahada ya uuguzi, mwaka wa pili hadi wa nne, ambaye likizo ndefu atakuwa nyumbani kusini na anataka kujifunza utafiti. Sizungumzii intanshipu ya mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo, hiyo ina utaratibu wake. Nazungumzia wiki sita au nane za kukaa chini ya mtafiti, ukajifunza kuuliza swali, kukusanya taarifa na kuzisoma kama zilivyo.

Nafasi za aina hii kwetu hazitangazwi sana. Ukikaa kusubiri tangazo, likizo itaisha na chuo kitafunguliwa. Nafasi inatengenezwa, na anayefunguliwa mlango ni yule anayekuja na swali lake mkononi. Wauguzi wanaona mambo ambayo hakuna mwingine anayeyaona, kwa sababu wao ndio wanaokesha na mgonjwa. Inaniuma kuona yale wanayoyaona yanaishia kwenye mazungumzo ya kupokezana zamu.

Hatua ya 1: Pata swali kabla ya kumtafuta mtu

Anza na namba za taifa. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha vifo 104 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015–16 ulikuwa na 556. Hayo ni mabadiliko makubwa mno. Sasa tazama watoto wachanga wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja: walikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000, wakawa 24. Mama amesogea, mtoto amebaki palepale. Muuguzi akisoma hapo lazima ajiulize: ile saa ya kwanza, mtoto akishatoka, nani yuko naye? Ni sisi.

Mikoa yetu haijaanza leo kuulizwa swali hili. Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa London waliwahi kufanya utafiti mkubwa uitwao INSIST katika wilaya za Mtwara na Lindi, ambapo wanawake wa kujitolea waliwatembelea wajawazito nyumbani, kisha wakarudi tena mtoto akishazaliwa. Mpango wenyewe vijijini uliitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Mwishoni ilionekana akina mama wengi zaidi waliwapa watoto maziwa yao tu siku za mwanzo, ila hapakuwa na ushahidi kwamba vifo vilipungua. Watafiti wakaandika hivyohivyo, bila kuficha. Nakushauri uusome kwanza, maana ulifanyika kwenye vijiji unavyovijua na unafundisha uaminifu.

Ukitoka hapo, punguza swali lako mpaka liingie ndani ya wiki sita. "Sababu za vifo vya watoto wachanga Lindi" haliwezekani. "Je, watoto wanaozaliwa usiku katika kituo hiki wananyonya ndani ya saa moja sawa na wanaozaliwa mchana?" Hilo linawezekana, na mganga mfawidhi atataka kujua jibu lake.

Hatua ya 2: Msimamizi

Unahitaji wawili. Wa kwanza ni mwalimu wa chuo chako, awe Muhimbili, Dodoma, Bugando au KCMC. Wa pili ni mtu wa hapa kituoni: muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi katika hospitali za mikoa, Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), au hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao. Mwandikie mwalimu mwezi wa nne au wa tano, si Julai. Ujumbe uwe mfupi kama huu (MTUHA ni mfumo wa taarifa za vituo vya afya):

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Uuguzi. Kuanzia Agosti hadi mwisho wa Septemba nitakuwa Newala. Nataka kujua kama watoto wanaozaliwa usiku kwenye kituo cha afya wananyonya ndani ya saa moja sawa na wa mchana. Naweza kukusanya taarifa za miezi mitatu kutoka kitabu namba 12 cha MTUHA. Naomba unisimamie, au kama una mradi unaoendelea kusini, niko tayari kusaidia hata kuingiza data."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Kujiunga na mradi uliokwisha pata kibali ndiyo njia ya haraka kuliko zote, kwa sababu msimamizi anaomba tu jina lako liongezwe.

Hatua ya 3: Vibali

Ukianza mradi wako mwenyewe, andiko (maelezo ya utafiti unaopanga kuufanya) lipitie kamati ya maadili ya chuo. Kisha unachukua barua ya utambulisho ya chuo, unaipeleka ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, unashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, halafu kwa DMO (Mganga Mkuu wa Wilaya), ndipo unafika kituoni. Toa nakala kila mahali na uombe igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiruke ngazi hata kama mganga mfawidhi ni mjomba wako.

Hatua ya 4: Rejesta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo utafiti unapopona au kufa.

Fungua kitabu namba 12, rejesta ya wodi ya wazazi. Kila mama ana mstari wake, na mstari unakwenda mbali kulia: saa ya kujifungua, njia ya kujifungua, APGAR (alama za hali ya mtoto mara tu akizaliwa), uzito, kunyonya ndani ya saa moja. Kwenye safu hiyo utakuta N ya ndiyo, H ya hapana, na utakuta pengine pamekaa tupu. Mwanafunzi mgeni anapoona patupu anaandika "hapana". Usifanye hivyo kamwe. Patupu maana yake haikuandikwa, basi. Huenda mtoto alinyonya vizuri na muuguzi aliyekuwa peke yake zamu ya usiku akaitwa kwa mama mwingine anayetoka damu.

Kwa hiyo kwenye Excel weka namba tatu: 1 ni ndiyo, 0 ni hapana, 9 ni haikuandikwa. Tuchukue mfano. Una vizazi 120. N ziko 70, H ziko 20, patupu 30. Ukigawa 70 kwa 120 unapata asilimia 58. Ukigawa 70 kwa wale 90 walioandikwa tu, unapata asilimia 78. Kituo kilekile, kitabu kilekile, majibu mawili yaliyoachana sana. Andika yote mawili na useme 30 hawakuandikwa. Kisha tazama hao 30 walizaliwa saa ngapi. Kama wengi ni wa usiku, basi umegundua jambo kubwa kuliko ulilokuwa unalitafuta, na dawa yake huenda ni kuongeza mtu wa zamu, si semina nyingine ya unyonyeshaji.

Saa nazo ni mtego. Wapo wanaoandika saa 2 kwa hesabu ya Kiswahili na wapo wanaoandika 20:00. Muulize muuguzi wa kituo kabla ya kuingiza hata mstari mmoja, na ukiweza linganisha na patografu, ile chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu wa mama.

Majina usiyachukue. Mpe kila mama namba ya utafiti, na usipige picha kurasa za rejesta kwa simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa jambo hili, lakini hata isingekuwepo, mama yule ni jirani yako.

Hatua ya 5: Ukienda majumbani

Fanya hivi tu kama andiko lako limeruhusu. Pita kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Kumbuka kalenda ya kwetu: korosho zikianza kudondoka, mchana nyumbani hukuti mtu, nenda jioni. Mama mtu mzima akijieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde au Kimwera, tafuta mkalimani asiye ndugu yake na asiye kiongozi wa kijiji. Mbele ya mtendaji, nani atakwambia kwamba alijifungulia nyumbani kwa sababu zahanati alifokewa?

Hatua ya 6: Rudisha majibu

Kabla hujapanda basi la kurudi chuo, kaa na wauguzi wa kituo nusu saa, uwape ukurasa mmoja wa matokeo kwa Kiswahili. Waanze wao kuyajadili kabla ya mtu mwingine yeyote.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (mwaka wa pili, nyumbani Masasi): Shikamoo sista. Sijasoma takwimu bado. Si nitaaibika?

Marahaba mdogo wangu. Asilimia na wastani unavijua tangu sekondari, na kwa swali dogo vinatosha kuanzia. Mwaka wa pili ningependa ujiunge na mradi wa mwenzio aliye mbele, ujifunze kuingiza data na kuikagua. Mkagua data mzuri anatafutwa na kila mtafiti.

Swali (mwaka wa tatu, Lindi mjini): Nimeona vyuo vya Marekani vina nafasi za kiangazi za utafiti kwa wanafunzi wa uuguzi, tena zinalipa. Naomba vipi?

Soma sharti la uraia kabla ya kitu kingine. Kule serikali ina taasisi nzima ya utafiti wa uuguzi, NINR, iliyoanzia mwaka 1986 kama kituo ndani ya NIH, taasisi kuu za serikali yao za utafiti wa afya. Lakini programu ya kiangazi ya NIH ni ya raia wa Marekani na wakazi wake wa kudumu. Vyuo vingine vina masharti yao, na maombi mengi hufungwa miezi ya mwanzo wa mwaka kwa kazi ya Juni hadi Agosti. Kuna pia elektivu, ambako chuo cha nje kinakutoza ada ukajifunze wodini. Hiyo ni halali, ila si nafasi ya utafiti ya kulipwa, usivichanganye. Na mtu akikutumia ujumbe wa WhatsApp kwamba umechaguliwa, tuma pesa ya fomu, achana naye.

Swali (stashahada, chuo cha uuguzi): Sisi wa diploma tumesahaulika?

Hapana, dada. Hatua ya 4 yote ni yako. Mwombe mkufunzi wako akusimamie, andiko lipite kwenye kamati inayotambulika, na jina lako likae kwenye ripoti. Ukija kuomba shahada baadaye, utakuwa na kazi ya kuonyesha.

Swali (mwaka wa nne, Nachingwea): Nauli na chakula je? Bodi ya Mikopo inatoa?

Fedha za mafunzo kwa vitendo ni za fildi iliyo kwenye mtaala. Hii ya kujitafutia usiihesabie. Ndiyo maana nasisitiza kituo kilicho karibu na nyumbani, unalala kwenu na unakula kwenu, unabaki na nauli ya bodaboda na daftari. Ukijiunga na mradi wenye fedha, uliza posho mapema na kwa maandishi. Kuuliza si utovu wa adabu.

Swali (mwaka wa tatu, Tandahimba): Nimekuta rejesta inaonyesha kila mtoto amenyonya ndani ya saa moja, miezi mitatu mfululizo, hata wale waliopelekwa rufaa na waliofariki. Nifanye nini?

Usibadilishe kitu na usimtuhumu mtu. Nakili kama ilivyo, weka safu ya maoni useme mistari ipi inapingana, kisha mpigie msimamizi wako siku hiyohiyo. Halafu ukae zamu mbili tatu wodini, kwa ruhusa, uone safu ile inajazwa saa ngapi na nani. Mara nyingi utakuta inajazwa asubuhi kwa mkupuo, kwa mwandiko mmoja.