Kuchonga waridi la jiwe kwa ukuta wa bustani

Mwenye shamba akikuita umpambie bustani, mara nyingi atakuonyesha picha kwenye simu: nakshi za kuta za ndani, nyembamba, zimejazana. Mimi humtoa nje asubuhi, jua likiwa linaupiga ukuta uso kwa uso, namwambia, "Bibi, nakshi ya kina cha nusu sentimita hapa huioni, na mwakani ukoga utakuwa umeijaza." Pale Hamamu ya Kidichi, nyumba ya kuogea huko Unguja aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shehrzad, kuna maua membamba ya lipu ya chokaa, lakini yako ndani, chini ya paa. Nakshi ya nje iwe kubwa, iwe na kina, na iwe chache.

Kazi ninayoieleza ni waridi la majani sita kwenye jiwe la sentimita 60 kwa 60, unene 15. Jiwe la kipimo hicho lina uzito wa kilo 100 hivi, kwa hiyo lichongee karibu na ukuta litakapokaa, chini ya kivuli, juu ya magunia yaliyojazwa mchanga.

Jiwe lenyewe ni tumbawe la nchi kavu, linalochimbwa ardhini. Wazee walichonga tumbawe laini la baharini, na ndiyo maana maandishi ya Kikufi, hati ya Kiarabu ya zamani, ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yana herufi safi vile. Leo tumbawe hai ni la kuachiwa samaki. Hata tajiri akikupa pesa, usilitoe. Nunua kwa mchimbaji mwenye kibali. La nchi kavu lina vishimo na makombe ndani yake, basi mchoro ulifuate jiwe. Ligonge kwa nyundo: likilia wazi, ni zima; likitoa sauti ya kufa, lina ufa, liache huko huko. Kisha limwagie maji. Ufa mwembamba usiouona likiwa kavu utaonekana, kwa sababu ndio unaochelewa kukauka. Geuza jiwe mpaka sehemu yenye vishimo vingi iangukie kwenye pembe, utakapokuja kupachimba.

Jiwe lililotoka shimoni karibuni ni laini. Maji yaliyomo ndani yanapotoka huleta chokaa usoni, ikaganda, na uso ukawa mgumu. Chonga kabla halijakauka kabisa. Ukilaza kazi, lifunike kwa gunia bichi.

Kuchora hakuna mashaka. Tafuta katikati, piga duara kwa bikari, kisha bila kubadilisha upana wa bikari, tembea juu ya duara: itaingia mara sita kamili. Kila alama weka ncha ya bikari, vuta tao kutoka upande mmoja wa duara hadi wa pili, na majani sita yatakuwa yamejitokeza. Chora kwa mkaa, ukikosea unafuta.

Sasa tindo. Anza kwa kukata mstari nje kidogo ya mchoro, unene wa kidole. Tindo ilale, isisimame. Ukiisimamisha karibu na ukingo, unarusha kipande cha jani lenyewe. Na daima piga kutoka ukingoni kwenda ndani. Ukimaliza mstari, shusha uwanja unaozunguka ua mpaka sentimita 3, ukiacha ukingo wa jiwe pande zote uwe fremu. Hapo usifanye haraka, kwa kuwa huo uwanja ndio utakaobeba kivuli, na kivuli ndicho kitakachoonyesha waridi lako. Baadaye zungushia majani kwa patasi: kitovu cha ua kibaki juu kabisa, kila jani literemke kuelekea ncha. Mwagia maji mara kwa mara na vaa barakoa. Vumbi la jiwe linaingia kifuani halitoki.

Jambo ambalo mafundi wengi wanaliacha ni maji ya mvua. Pasiwe na pahala ndani ya nakshi panapotuama maji, hata kijiko kimoja. Kila bonde likate liinamie nje. Chini ya ukingo wa juu wa fremu, upande wa chini wake, kata kijifereji chembamba kwa urefu wote: tone likifika hapo linaanguka, halirudi nyuma kutambaa juu ya ua. Ukikosa kijifereji hicho, masika moja tu inatosha kuchora michirizi myeusi usoni.

Kupachika, tumia chokaa iliyokwisha kuiva majini, kipimo kimoja kwa mchanga vitatu, na mchanga usiwe wa pwani. Saruji sitaki kuiona karibu na tumbawe. Inaziba pumzi ya jiwe, chumvi inakosa njia ya kutokea, inaganda ndani na kubambua uso. Kwa sababu hiyo hiyo jiwe lisigusane na udongo, na mpira wa kumwagilia maua usilielekee, khasa kisima kikiwa cha maji ya chumvi. Funika viungo kwa magunia mabichi siku kadhaa, chokaa haipendi kukaushwa na upepo.

Ukuta gani? Ukiweza kuchagua, usichague unaotazama kusini. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa kumi jua la mchana linapita upande wa kaskazini, na ukuta huo unakaa kivulini masika nzima na kipupwe chote, ukoga ukisherehekea. Usiliweke chini ya mzambarau pia. Doa lake halitoki.

Mwambie mtunza bustani alisafishe kwa maji matupu na brashi ya makumbi. Ndimu, siki na dawa ya choo ni marufuku, maana asidi inalila tumbawe.