Laini mbili, hotspoti na printa ya bluetooth: kupanga redio za simu ya dukani zisigombane

Mwongozo huu ni wa duka, saluni, famasi ndogo au kibanda cha wakala ambacho intaneti yake yote inatoka kwenye simu moja ya Android. Simu ina laini mbili, inarusha hotspoti kwa tableti au laptopu yenye programu ya mauzo, na pembeni kuna printa ya risiti ya bluetooth, ile ya karatasi ya milimita 58. Kila kimoja peke yake kinafanya kazi vizuri. Vikiwashwa pamoja ndipo "mtandao unakata", na lawama zote zinakwenda kwa kampuni ya simu. Mara nyingi mnara hauna kosa lolote. Tatizo liko hapo hapo mezani.

Hatua ya 1: Jua redio ipi inafanya nini

Ndani ya simu kuna redio kadhaa. Moja inaongea na mnara kwa 2G, 3G, 4G au 5G. Nyingine ni Wi-Fi, kwenye masafa ya 2.4 GHz na, kama simu si ya bei ya chini sana, 5 GHz. Bluetooth iko 2.4 GHz hiyo hiyo. Ipo GPS, inayopokea tu kutoka kwenye satelaiti bila kurusha chochote, na baadhi ya simu zina NFC, ambayo inafika sentimita chache. Hizo mbili za mwisho achana nazo, hazitakusumbua.

Ugomvi uko sehemu mbili: laini mbili zinazogombea modemu moja (ile redio inayoongea na mnara), na Wi-Fi na bluetooth zinazobanana kwenye 2.4 GHz. Ule wa kwanza ndio unaokula siku nzima za watu.

Hatua ya 2: Panga laini (usiiruke hata kama una haraka)

Simu nyingi za laini mbili husubiri simu kwenye laini zote, lakini redio ya kuongea na mnara ni moja. Laini ya pili inapopokea simu, modemu huhamia huko, na data ya laini ya kwanza husimama mpaka ukate. Hotspoti itabaki imewaka, tableti itaonyesha Wi-Fi imejaa, ila hakuna kinachopita. Hapo mtu anazima na kuwasha hotspoti mara kumi, simu inakatwa, intaneti inarudi, naye anaamini ni ule uzimaji wake uliosaidia.

Anza na kipimo hiki. Weka simu mezani, tazama alama iliyo karibu na mistari ya mtandao, kisha mtu akupigie kwenye laini ya data. Pokea. Alama ikibaki 4G, laini hiyo inapitisha sauti juu ya 4G, yaani VoLTE, na data itaendelea wakati unaongea. Ikigeuka kuwa H au 3G, data itaendelea kwa kusuasua. Ikigeuka kuwa E au 2G, data husimama. Kuna ishara nyingine ya bure: kama una redio au spika karibu na ukasikia ule mkwaruzo wa "trrr-trrr-trrr" kabla simu haijaita, simu imeshuka 2G. Simu ya 2G hurusha kwa vipigo 217 kwa sekunde, na waya za spika hudaka mapigo hayo.

VoLTE inahitaji vitu vitatu kwa pamoja: mtandao uitoe kwa laini yako, simu iwe inakubaliwa na mtandao huo, na swichi yake iwe imewashwa kwenye mipangilio ya laini. Simu zilizoletwa kutoka nje kwa soko la nchi nyingine hukwama kwenye hilo la pili: swichi haionekani kabisa, na hakuna utakalobonyeza likaileta.

Sasa rudia kipimo kwa laini ya pili huku tableti ikicheza video kupitia hotspoti. Video ikiganda mpaka ukate simu, una njia tatu.

Ya kwanza ni kuweka data na simu za wateja kwenye laini moja yenye VoLTE, na ya pili ibaki ya akiba. Hii inafaa kama namba ya biashara unaweza kuibadilisha. Wengi hawawezi, maana namba iko kwenye bango.

Ya pili ni swichi ya kuruhusu data wakati wa simu, ambayo kwenye Android nyingi iko ndani ya mipangilio ya laini ya pili, na kwenye Samsung iko kwenye ukurasa wa kusimamia SIM. Ukiwa unaongea kwenye laini ya pili, data huhamia kwenye laini hiyo kwa muda. Soma tena sentensi hiyo: *huhamia kwenye laini hiyo*. Kama haina bando, itakula salio la kawaida, na tableti inayovuta masasisho itamaliza salio kabla hujaagana na mteja. Washa swichi hii pale tu laini zote mbili zina bando, na laini ya pili ina VoLTE, kwa sababu bila VoLTE data iliyohamishwa itaangukia 3G au isipite kabisa. Hata ikifanya kazi, kila uhamisho hukata muunganisho kwa sekunde kadhaa kwa sababu anwani ya intaneti inabadilika. Programu ya mauzo inayohifadhi mauzo ndani kisha kuyatuma itavumilia. Ile inayofunguka kwenye kivinjari inaweza kukutupa nje uingie upya.

Ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipendekeza bila kusita: toa laini ya simu na ya pesa kwenye simu janja, iweke kwenye kitochi. Simu ya batani haihitaji VoLTE, inakaa na chaji siku kadhaa, na simu ya hotspoti inabaki na kazi moja tu. WhatsApp ya namba hiyo itaendelea kwenye simu janja. Inahitaji laini wakati wa kuthibitisha namba tu.

Hoja ya kitochi ina uzito zaidi kwa wakala. Menyu za nyota na reli, kama nyota 150 nyota 00 reli ya M-Pesa Tanzania, hazipiti kwenye data. Zinapita njia ya zamani ya sauti, na pale mtandao usipozipitisha juu ya 4G, simu hulazimika kushuka 3G au 2G kwa muda wote menyu iko wazi, kisha ipande tena. Wakala anayefanya miamala arobaini kwa siku kwenye simu inayorusha hotspoti anaishusha mara arobaini. Kama huna kitochi, tumia programu ya pesa badala ya menyu. Programu inapita kwenye data.

Onyo moja. Unazunguka ushauri wa kupiga nyota reli nyota reli 4636 reli nyota reli nyota, kisha kuchagua "LTE only", yaani 4G tu, ili simu isishuke kamwe. Usifanye hivyo kwenye laini isiyo na VoLTE. Data itatulia kweli, lakini simu za wateja hazitaingia, nao wataambiwa hupatikani. Utagundua jioni.

Mwisho kwenye hatua hii: kama simu ni ya zamani, weka laini ya data kwenye nafasi ya SIM 1, kwani kwenye baadhi ya simu hizo nafasi ya pili haipandi 4G.

Hatua ya 3: Washa hotspoti

Kama kompyuta ni laptopu isiyohama mezani, acha Wi-Fi kabisa, tumia kebo. Chomeka, fungua ukurasa wa hotspoti (simu zilizowekwa Kiswahili huiita mtandaopepe), kisha washa kusambaza mtandao kupitia USB. Kebo haigombani na bluetooth, haiibiwi nywila, na simu inachajiwa humo humo. Swichi ikiwa ya kijivu, kebo yako ni ya kuchaji tu, haina nyaya za data. Badilisha kebo, usihangaike na simu. Swichi hiyo hujizima kila kebo ikichomoka. Kama hilo linakuudhi, kwenye chaguo za wasanidi programu kuna pa kuifanya USB isambaze mtandao moja kwa moja.

Kwa tableti itabidi iwe Wi-Fi. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na nywila ya herufi nane au zaidi. Swali la maana ni masafa. Chagua 5 GHz kama tableti inaiona na iko chumba kimoja na simu. Masafa hayo hayavuki kuta vizuri, lakini yanaiachia bluetooth 2.4 GHz yake. Tableti nyingi za bei nafuu hazina 5 GHz: ukichagua 5, jina la hotspoti halitatokea kabisa kwenye orodha yake, na si hitilafu. Rudisha 2.4. Kwenye iPhone 12 na za baadaye, swichi ya "Maximize Compatibility" ndiyo inayoshusha hotspoti kwenda 2.4.

Kabla ya kuendelea:

- Zima Kiokoa Data. Kikiwa kimewashwa, Android hairuhusu hotspoti.
- Zima kipengele cha kuizima hotspoti yenyewe kisipokuwepo kifaa, la sivyo kila tableti ikilala kwa muda utaanza upya.
- Kwenye Windows, fungua mtandao huo uwashe "Metered connection". Bila hivyo masasisho yatalamba bando la wiki kwa usiku mmoja.

Simu ina intaneti ila tableti haipati? Fungua mipangilio ya APN (njia ambayo laini hupitia kufika kwenye intaneti), tazama sehemu ya aina ya APN. Kwenye baadhi ya simu lazima pawe na neno dun, yaani iandikwe default,supl,dun bila nafasi. Hifadhi, kisha washa hali ya ndegeni na kuizima.

Hatua ya 4: Printa

Oanisha printa na kifaa chenye programu ya mauzo, si lazima kiwe simu ya hotspoti. PIN mara nyingi ni 0000 au 1234. Baada ya hapo mipangilio itaandika kwamba imeoanishwa, haitaandika imeunganishwa, na watu huanza kuifuta na kuioanisha upya. Iache. Printa za aina hii huunganishwa pale tu programu inapotuma risiti.

Programu isipoiona printa, tazama ruhusa zake: Android 12 na kuendelea inahitaji ruhusa ya vifaa vilivyo karibu, na Android 6 hadi 11 inataka ruhusa ya mahali ili kutafuta vifaa vya bluetooth. Printa nyingi hizi hukubali kifaa kimoja kwa wakati, kwa hiyo simu ya mwenzako iliyoishika tangu asubuhi inaweza kuwa ndiyo mchawi. Ukitaka kujua kama printa yenyewe ni nzima, izime, shikilia kitufe cha kusukuma karatasi huku ukiiwasha. Nyingi zitatoa karatasi ya majaribio yenye jina lake la bluetooth. Kwa iPhone, hakikisha printa ina bluetooth ya nishati ndogo, BLE, kabla ya kulipa. Zile za bluetooth ya zamani pekee mara nyingi hazitaongea nayo.

Sasa kuhusu msongamano. Bluetooth ya kawaida hugawa 2.4 GHz kwenye chaneli 79 za MHz 1 na kurukaruka kati yake mara 1600 kwa sekunde, ikikwepa zile inazoona zimejaa. Wi-Fi hukalia upana wa MHz 20 mahali pamoja. Zinaweza kuishi pamoja, lakini ndani ya tableti moja mara nyingi hutumia chipu moja, hata antena moja, kwa zamu. Wakati mbaya zaidi ni kifaa kinapotafuta vifaa vipya: ukurasa wa bluetooth ukiachwa wazi, Wi-Fi ya 2.4 inasuasua. Ufunge ukishaoanisha. Ukilazimika kubaki 2.4, sogeza printa ndani ya mita moja na tableti, na ondoa diski au flashi za USB 3.0 karibu nayo, maana kelele ya USB 3.0 huangukia kwenye masafa hayo hayo.

Risiti ikitoka nusu au herufi zikiwa ovyo, kabla ya kulaumu bluetooth angalia nembo ya duka. Kichwa cha printa ya milimita 58 kina nukta 384 kwa upana. Picha pana zaidi, au iliyotumwa kwa kasi kuliko printa inavyomeza, huvuruga kila kinachofuata. Punguza picha iwe nukta 384 au chini, nyeusi na nyeupe tu. Maandishi yakififia na printa ikapotea katikati ya risiti, ni betri: kichwa kinapopata moto kinavuta umeme mwingi kwa mpigo, na betri iliyochoka inaizima printa.

Hatua ya 5: Chaji na mahali pa kuweka simu

Iweke dirishani, si kwenye droo ya chuma. Kwenye ukurasa wa Kuhusu simu, hali ya SIM, kuna namba ya dBm, kipimo cha nguvu ya mtandao. Kwa 4G, karibu na -85 ni nzuri, -100 inavumilika, chini ya -115 simu inarusha kwa nguvu zake zote, inapata moto na kupunguza kasi. Toa kava, na usiiache juani ikichaji.

Hatua ya 6: Jaribu vyote kwa mpigo

Chezesha video kwenye tableti, toa risiti tano mfululizo, pigiwa laini ya kwanza, pigiwa ya pili, kisha angalia salio kwa menyu ya nyota. Video ikiganda wakati wa risiti, rudi hatua ya 4 au uhamie 5 GHz. Ikiganda wakati wa simu au menyu, ni hatua ya 2, na kutafuta bando lingine hakutasaidia. Ikiganda bila mpangilio, sogeza simu, soma dBm tena. Fanya jaribio hili mchana wakati wa wateja. Saa tatu usiku mnara una watu wengine wengi, na utashindwa kujua kosa ni la nani.