Anza na swali, kozi zitafuata

Wadogo zangu mnaoanza chuo hapa Dodoma, kabla hamjachagua kozi za hiari, andikeni kwanza swali moja mnalotaka kulijibu hadi mwaka wa mwisho. Marekani vipo vyuo vinavyomruhusu mwanafunzi kubuni shahada yake mwenyewe, na huko pia hutakiwa aeleze anatafuta nini na kozi za idara mbalimbali zitamsaidiaje. Kwetu programu huja imeshapangwa, ila kozi za hiari na mada ya utafiti unachagua wewe.

Chukua zabibu. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, lakini ukitaka kujua kwa nini mkulima anauza kwa bei ya kutupa, uchumi peke yake hautoshi. Ongeza takwimu, ongeza uhifadhi wa mazao, halafu utafiti wako ukaufanyie Makutupora, hapa hapa Dodoma, shambani kwa wakulima wenyewe.

Karatasi yenye swali mpelekee mshauri wako wa masomo wiki ya kwanza kabisa. Kozi nyingine zinadai uwe umesoma kozi fulani kabla, na ratiba za ndaki mbili (sehemu kuu za chuo zenye idara kadhaa) hugongana. Mimi nilichelewa wiki mbili, nikaikosa kozi niliyoihitaji kuliko zote.